Vituko vya Wakubwa: Majibu ya Maswali Yenu

Safari hii mmeniuliza kuhusu wakubwa wa dunia na vituko vyao, na kwa jinsi barua zilivyojaa naona watu mna hamu ya kucheka. Haya, tucheke. Ila kila nilipofuatilia kituko nilikuta mambo mawili yameachwa nje ya kicheko: hesabu aliyokuwa akiipiga mhusika, na mtu aliyelipa gharama. Nimejaribu kuyarudisha. Maswali marefu nimeyafupisha, na yale ya kuwatukana walioko madarakani hapa kwetu nimeyafungia kabatini. Nina familia.

Shikamoo mzee. Tumefundishwa kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Kaiser Wilhelm mlima Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, ndiyo maana mpaka wa Kenya na Tanzania umepinda pale. Ni kweli? (Mwanafunzi, Marangu)

Marahaba, mwanangu. Si kweli, japo waongoza watalii wanaisimulia kila siku na wageni wanaondoka wamefurahi.

Angalia tarehe tu. Waingereza na Wajerumani walikubaliana kugawana eneo hili Novemba 1, 1886. Wilhelm mjukuu alizaliwa Januari 27, kwa hiyo zawadi ingekuwa imechelewa miezi tisa au imewahi mitatu. Tena mwaka huo hakuwa Kaiser. Kiti kilikuwa cha babu yake mzaa baba, Wilhelm wa Kwanza. Yeye alikikalia Juni 1888.

Kona ya mpaka ilitokana na karatasi. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alipita Taveta akakusanya mikataba. Mwaka uliofuata Sultani Barghash wa Zanzibar alimtuma Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa jeshi lake, awaendee wamangi, yaani watawala wa Wachaga, huko Kilimanjaro wakubali bendera yake nyekundu, nao wakaikubali. Wiki chache baadaye akatokea Karl Jühlke, Mjerumani wa kampuni ya ukoloni ya Carl Peters, akafika kwa Mangi Rindi wa Moshi na karatasi yake. Rindi akaikubali hiyo nayo. Msimwone mjinga: alikuwa na ugomvi mkubwa na Mangi Sina wa Kibosho, na kwake kila mgeni mwenye bunduki alikuwa mtaji.

Walipoketi kugawana, Mjerumani akatoa karatasi ya Moshi, Mwingereza akatoa ya Taveta, mstari ukapindishwa kila mmoja apate chake. Sultani mwenye bendera iliyotangulia kupepea huko hakuwa mezani. Aliletewa matokeo: akaachiwa visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Hadithi ya zawadi nadhani imepata nguvu kwa sababu Hans Meyer alipofika kileleni mwaka 1889 alikiita kilele hicho kwa jina la Kaiser Wilhelm. Jina la Uhuru lilikuja mwaka 1961.

Ukitaka kituko halisi cha mikataba ile, kitafute mwaka 1890. Ujerumani iliachia madai yake ya Witu, huko karibu na Lamu, ikakubali pia Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza. Ikapewa Heligoland, mwamba wa Bahari ya Kaskazini usiofika hata kilomita mbili za mraba, pamoja na kipande chembamba cha ardhi kusini mwa Afrika ili ifikie Mto Zambezi na kupata njia ya kushukia Bahari ya Hindi. Kipande kikaitwa kwa jina la kansela wao, Leo von Caprivi. Sasa, mwendo mfupi kutoka pale kipande kinapoishia, Zambezi inaporomoka zaidi ya mita 100 kwenye Maporomoko ya Victoria. Livingstone alikwishayaona na kuyatangazia Ulaya nzima tangu mwaka 1855! Namibia imerithi mkono huo mrefu, kilomita kama 450, na unaonekana kwenye ramani mpaka leo. Heligoland nayo Waingereza waliirudia mwaka 1947, wakailipua kwa maelfu ya tani za baruti.

Mpe mwalimu salamu zangu, lakini mpe kwa adabu.

Kile kiatu cha Khrushchev pale Umoja wa Mataifa, alikigonga mezani au hakukigonga? Tumebishana hadi kahawa imepoa. (Wazee wa kijiweni, Tanga)

Agizeni nyingine ya moto. Siku yenyewe ni Oktoba 12, 1960. Mjumbe wa Ufilipino, Lorenzo Sumulong, alisema nchi za Ulaya Mashariki zimenyimwa haki zao, Khrushchev, mkuu wa Muungano wa Kisovieti, akapandwa na mori, akamwita kibaraka na kutwanga meza kwa ngumi. Kiatu alikivua, hilo lina picha: kimelala mezani mbele yake. Ile picha inayomwonyesha amekiinua mkononi ni ya kuchezewa. Kama alikigonga kweli, mashahidi waliokuwemo ukumbini wamepingana, kila mmoja akiapa. Kilichovunjika siku hiyo bila ubishi ni nyundo ya mwenyekiti, Frederick Boland wa Ireland, aliyokuwa akiigonga kutafuta utulivu.

Mimi naona ubishi wa kiatu umeficha jambo kubwa zaidi. Mwaka huo nchi 17 mpya ziliingia Umoja wa Mataifa, na 16 kati yake zilikuwa za Afrika. Khrushchev alikuja New York mwenyewe na kukaa wiki kadhaa kwa sababu aliona wapigakura wapya wamefika. Hoja aliyoipeleka kwenye kikao hicho ilikuwa ya kukomesha ukoloni. Nchi za Afrika na Asia zikaandika azimio lao wenyewe, likapita Desemba 14 kwa kura 89. Hakuna aliyepinga, tisa hawakupiga upande wowote, wakiwemo Marekani, Uingereza na Ufaransa. Azimio hilo ni namba 1514. Wangapi kijiweni walikuwa wanalijua? Kiatu mlikuwa mnakijua wote.

Hotuba za pale nazo mbona ndefu hivyo, hawana kengele? (Msikilizaji wa redio, Kisumu)

Wana taa, na wanaomba kila kiongozi atumie dakika 15. Ni ombi tu. Fidel Castro mwaka huo huo wa 1960 alizungumza saa 4 na dakika 29. Gaddafi mwaka 2009 alipita saa moja na nusu: aliuliza nani alimuua Kennedy, akalalamikia uchovu wa safari, akarusha kitabu cha katiba ya Umoja huo nyuma yake. Wakalimani wa pale hupokezana kila nusu saa hivi kwa sababu kazi ile inachosha akili. Aliyekuja na Gaddafi alijaribu kwenda peke yake, akaishiwa pumzi njiani, ikabidi wa Umoja wa Mataifa amwokoe.

Babu yangu akisikia jina la Idi Amin hucheka, kisha hunyamaza. Zile simu za maandishi alizowapelekea viongozi wengine ni kweli au ni utani wa redioni? (Mjukuu, Bukoba)

Ni kweli, tena nyingine zimehifadhiwa kwenye nyaraka za serikali zilizopokea. Rais Nixon wa Marekani alipobanwa na kashfa ya Watergate, Amin alimtakia apone haraka. Kwa Mwalimu Nyerere aliandika mwaka 1972 kwamba anampenda sana, na kama angekuwa mwanamke angefikiria kumuoa ijapokuwa kichwa kimejaa mvi. Kuhusu vyeo vyake nadhani mnavijua: rais wa maisha, fildi masho, alhaji, daktari, bwana wa wanyama wote wa nchi kavu na samaki wa baharini, na mshindi wa Dola ya Kiingereza katika Afrika kwa jumla na Uganda hasa.

Inayonichekesha mimi ni ya lori la mboga. Mwishoni mwa mwaka 1973 uchumi wa Uingereza ulikuwa hoi. Mafuta yamepanda bei, wachimba makaa wamekataa kazi ya muda wa ziada, na ulipoingia mwaka mpya viwanda vikawa vinapewa umeme siku tatu tu kwa wiki. Amin akaanzisha mfuko wa kuiokoa Uingereza, akautangulizia Sh. 10,000 za mfukoni mwake. Januari 21, 1974 akamwandikia Waziri Mkuu Edward Heath kwamba wananchi wa Kigezi wametoa lori zima la mboga na ngano, hivyo atume ndege upesi kabla havijaoza. Fikiria karani wa London anayefungua karatasi hiyo asubuhi, mezani kwake taa imezimwa kwa mgawo.

Waganda wengi walicheka, na Waafrika wengi nje ya Uganda walimpenda kwa hilo. Mkoloni kafanyiwa mzaha na mtu aliyekuwa askari wake. Mwaka 1975 alibebwa kwenye kiti na Wazungu wafanyabiashara mbele ya wageni wa mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala, na ukumbi ulipiga makofi. Nyerere alikataa kuhudhuria mkutano ule. Kuna walioona anakosa ucheshi.

Lakini Benedicto Kiwanuka, jaji mkuu, alikuwa ameshachukuliwa na askari kutoka mahakamani Septemba 1972 na hakuonekana tena. Maelfu ya Waasia walikuwa wameshapewa siku 90 wafungashe. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 1977. Kila simu ya kuchekesha iliyopelekwa nje ilikuwa na habari ya ndani ambayo gazeti la siku hiyo halikupata nafasi ya kuiandika, na sidhani kama hiyo ilikuwa bahati tu. Amin alijua waandishi wa Ulaya wanapenda nini.

Babu yako ananyamaza kwa sababu ya mwisho wa vituko hivyo. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, yakatangaza kwamba nchi yote mpaka mtoni ni ya Uganda, yakavunja daraja la Kyaka, yakaua watu na kuswaga ng'ombe. Katikati ya hayo akatoa pendekezo wamalize ugomvi ulingoni, yeye na Mwalimu, na Muhammad Ali awe refa. Mwalimu akalijibu taifa kwa yale maneno matatu tunayoyajua wote: uwezo, sababu, nia. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Kisha tukaambiwa tufunge mikanda kwa miezi 18. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka foleni za sukari na sabuni zilivyodumu baada ya miezi hiyo kwisha.

Na yule jenerali wa ng'ombe 100? (Dereva wa matatu, Thika)

Huyo ni Muhoozi Kainerugaba, mtoto wa Rais Museveni. Mwanzoni mwa Oktoba 2022 aliandika Twitter kwamba yeye na jeshi lake wasingehitaji wiki mbili kuiteka Nairobi. Karibu na siku hizo hizo akauliza mwanasiasa Giorgia Meloni wa Italia atolewe ng'ombe wangapi, akataja 100 wa Ankole. Wakenya walimjibu mnavyojijua. Baba akaomba radhi Wakenya, akamwondoa mwanawe kwenye ukuu wa majeshi ya nchi kavu, na hapo hapo akampandisha kuwa jenerali kamili. Machi 2024 akawa mkuu wa majeshi yote. Kwa hiyo ukiniuliza kama lile lilikuwa kosa la kiutumishi, nakuonyesha mabega yake.

Hivi kweli nchi mbili zenye akili zinaweza kugombania mwamba? Nauliza kwa sababu ya Migingo. (Mvuvi mstaafu, Homa Bay)

Zinaweza, na zenye pesa ndizo hugombania kwa raha. Kati ya Greenland na Kanada kuna kisiwa cha Hans, kilomita 1.3 za mraba za mawe matupu, hakina mti wala mtu. Denmark na Kanada zilipochora mpaka wa bahari mwaka 1973 zilikiruka, zikauacha mstari upande mmoja na kuuendeleza upande wa pili. Mwaka 1984 Wakanada walisimika bendera na kuacha chupa ya wiski. Waziri wa Denmark, Tom Høyem, akaja kwa helikopta na bendera yake na chupa yake. Hivyo ndivyo "walivyopigana" karibu miaka 40, anayefika anakuta kinywaji cha mwenzake. Juni 14, 2022 wakakigawa katikati. Walisema wazi kwamba wanataka kumwonyesha mtu fulani, aliyeingia Ukraine miezi minne kabla, jinsi mipaka inavyozungumzwa.

Migingo, kisiwa cha Ziwa Victoria kinachogombaniwa na Kenya na Uganda, ni karibu nusu eka. Ni mabati juu ya mwamba, nyumba zimebanana hadi huoni jiwe. Tofauti na Hans ni kwamba pale kuna watu, na chini ya watu kuna sangara, nyinyi mnamwita mbuta. Minofu inakwenda Ulaya, mabondo (vifuko vya hewa vya samaki) yanakwenda China kwa bei ambayo mvuvi haioni. Askari wa Uganda walipandisha bendera na kutoza wavuvi. Mei 2009 Museveni mwenyewe alisema kisiwa ni cha Kenya ila maji ni ya Uganda. Ramani ya mkoloni ya mwaka 1926 inakubaliana naye kuhusu kisiwa, maana mstari unapita takriban nusu kilomita magharibi ya mwamba. Lakini hebu niambie, mzee wangu, mvuvi wa Migingo atavua wapi, juu ya bati?

Naona wenye chupa za wiski wanaweza kungoja miaka 40. Anayenyang'anywa nyavu na injini ya mtumbwi hawezi.

Ile meza ndefu ya Putin na Macron ilikuwa na maana gani? (Fundi seremala, Keko)

Swali la mtu anayejua bei ya mbao. Ilikuwa Februari 7, 2022, meza ya mita kama sita, mmoja huku na mwenzake kule. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba Macron alikataa kupimwa korona na madaktari wa Kirusi, ndipo akawekwa mbali. Siku tatu baadaye rais wa Kazakhstan alifika akakaa karibu kabisa, na kila mtu akaelewa kwamba meza ile ilikuwa inazungumza. Vita ikaanza Februari 24.

Putin ana historia ya vyombo vya namna hiyo. Mwaka 2007 huko Sochi alimwachia mbwa wake mkubwa mweusi, Koni, azungukezunguke miguuni mwa Angela Merkel, kansela wa Ujerumani, ambaye aliwahi kung'atwa na anaogopa mbwa. Baadaye alisema hakujua. Mtu wa zamani wa ujasusi, hakujua!

Lakini meza mbaya kuliko zote ilikuwa Paris. Mazungumzo ya Vietnam yalikwama tangu Novemba 1968 hadi katikati ya Januari 1969 kwa sababu ya umbo la meza. Saigon, serikali ya Vietnam Kusini, haikutaka umbo lolote litakalowaonyesha wapiganaji wa msituni kama upande kamili. Hanoi, serikali ya Kaskazini, haikutaka umbo litakalowaficha. Zilichorwa za mraba, za mviringo, za nusu duara. Mwishowe mafundi walitengeneza moja ya duara bila bendera wala vibao vya majina, na meza mbili ndogo za makarani zikakaa pembeni bila kuigusa. Mwaka 1968 pekee Wamarekani zaidi ya 16,000 walikufa Vietnam, na Wavietnamu mara nyingi ya hao. Ubishi wa umbo la meza ulikuwa ubishi wa nani ni serikali, kwa hiyo siwezi kuuita upuuzi mtupu. Ila ningekuwa na mtoto mstari wa mbele wiki hizo ningeuita jina baya zaidi.

Kutaka kuinunua Greenland ni wazimu wa Trump mwenyewe? (Msomaji, Muscat)

La. Rais Truman wa Marekani aliipigia bei ya dola milioni 100 za dhahabu mwaka 1946. Na Denmark haiwezi kudai kwamba haijawahi kufanya biashara hiyo: mwaka 1917 iliwauzia Wamarekani visiwa vyake vya Karibi kwa dola milioni 25. Utamu uko hapa: katika mapatano hayo hayo Marekani ilitamka kwa maandishi kwamba haina pingamizi Denmark ikishika Greenland yote. Cha Trump mwenyewe ni namna ya kukasirika. Agosti 2019 Waziri Mkuu wa Denmark alipoliita wazo hilo la kipuuzi, Trump alifuta ziara yake ya huko.

Rais akipewa zawadi ya mnyama anampeleka wapi? (Mama wa watoto wanne, Malindi)

Swali hili limetoka mahali pake, maana Malindi ndiyo iliyompelekea mfalme wa China twiga mwaka 1415. Wachina walimwona wakasema ndiye qilin, mnyama wa heri wa hadithi zao, anayetokea tu mfalme anapotawala kwa haki. Mfalme Yongle alikuwa amempindua mpwa wake, mtoto wa kaka yake, ili apate kiti. Unaona jinsi twiga wenu alivyofika kwa wakati.

Sultani wetu Sayyid Said naye alikuwa mtoaji. Alimpa Mfalme William wa Nne wa Uingereza manowari nzima yenye mizinga 74, akarudishiwa jahazi la anasa lisilo na kazi vitani; baadaye akaligawa kwa gavana mkuu wa Waingereza kule India. Mwaka 1840 akatuma meli yake Sultana hadi New York, na Ahmad bin Na'aman akiwa mjumbe wake. Ndani kulikuwa na karafuu, tende na pembe za ndovu za kuuza, na kwa Rais Martin Van Buren: farasi wawili wa Kiarabu, lulu, zulia, shali, manukato ya waridi, upanga. Van Buren akajikuta matatani. Katiba yao inamkataza mtumishi wa serikali kupokea zawadi ya mfalme wa nje bila ruhusa ya Bunge. Akakataa kwa upole kwa nafsi yake, Bunge likajadili, likaruhusu zipokewe kwa niaba ya taifa, na farasi wakapigwa mnada. Meli ilikuwa imechakaa, wakaitengeneza bure kwenye kiwanda chao cha jeshi la majini kabla haijarudi.

Bunge lilikuwa limeshachoka mambo hayo. Mwaka uliotangulia mtawala wa Morocco alimletea balozi mdogo wa Marekani mjini Tangier simba dume na jike. Balozi akaeleza kwamba sheria haimruhusu. Wajumbe wakamjibu kwamba basi watawaachia barabarani, mbele ya mlango wake. Akawafungulia chumba.

Jibu fupi kwa watoto: siku hizi wanyama wengi hupelekwa bustanini.

Ni kweli kuna rais aliyebadilisha majina ya miezi? (Mchapaji wa kalenda, Kariakoo)

Saparmurat Niyazov wa Turkmenistan, mwaka 2002. Januari aliipa jina lake la heshima, Turkmenbashi, na Aprili akaipa jina la mama yake. Alijisimamishia sanamu ya dhahabu iliyozunguka ili uso ulifuate jua, akapiga marufuku opera na baleti. Alifariki Desemba 2006, miezi ikarudishiwa majina yake 2008. Mrithi wake, daktari wa meno, akahamia kwenye wanyama: mwaka 2020 alizindua sanamu ya dhahabu ya mbwa katika mji mkuu. Nchi ile ina gesi nyingi, na mwenye gesi hachekwi na wateja wake. Kwa biashara yako, ndugu yangu, shukuru uko Kariakoo.

Jambo mzee. Baba anasema wakati wa Mobutu kuvaa tai kulikuwa kosa. Anatania? (Msomaji, Bukavu)

Hatanii. Mwaka 1971 nchi na mto vilibadilishwa jina kuwa Zaire, mwaka uliofuata watu wakaamriwa waache majina ya Kizungu ya ubatizo. Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu Wa Za Banga. Suti na tai zikaonekana ni za mkoloni. Mwanaume rasmi akavaa abacost, jaketi lenye kola, bila shati la tai ndani. Taarifa ya habari ya jioni ilianza kwa uso wa Mobutu ukishuka kutoka mawinguni. Kijijini kwao Gbadolite alijenga uwanja wa ndege wenye njia ndefu ya kutosha Concorde, akawa anaikodi kutoka Ufaransa.

Abacost za wakubwa, zile za kitambaa kizuri, zilikuwa zinashonwa Ubelgiji.

Aprili 24, 1990 Mobutu alihutubia akitokwa machozi, akatangaza mwisho wa chama kimoja na kwamba anayetaka tai avae. Yeye mwenyewe aliendelea na abacost yake. Muulize baba tai yake aliificha wapi miaka yote hiyo. Jibu likiwa zuri niandikie.